Mtandao wa zahanati upimwe kabla ya kulaumiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nitoe dukuduku ambalo limenikaa moyoni kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mimi ni muuguzi mfawidhi wa zahanati ndogo yenye madaktari wawili, wauguzi watatu, mtu wa maabara, mtu wa eksirei, mfamasia na kijana wa mapokezi. Kompyuta sikuzisomea. Haya nitakayoyaeleza nimejifunza kwa kulazimika, nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha daktari, mgonjwa yuko ndani na faili lake halifunguki.

Kilichoniondolea usingizi ni mtoto wa miaka minne. Aliletwa na shangazi yake, sikio linamuuma na homa imepanda. Daktari alimpima katika chumba namba 2, akaona sikio limevimba ndani, akafungua faili ili aandike dawa. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo. "Sista, imeganda tena," akaniita. Nikakimbia kuzima na kuwasha ruta, kile kiboksi kinachogawa mtandao ndani ya jengo, kama nilivyozoea. Nilipogeuka, daktari alikuwa ameshavuta karatasi ili aandike amoksilini, maana ndiyo dawa inayoandikwa mara nyingi kwa sikio la namna hiyo. Nikamwomba shangazi ampigie simu mama wa mtoto kwanza. Sauti ya yule mama naisikia hadi leo: "Huyo hapewi hiyo dawa, mara ya kwanza alivimba uso mpaka macho yakafumba." Faili lilipofunguka, dakika kumi na moja baadaye, habari hiyohiyo ilikuwa juu kabisa kwa rangi nyekundu: mzio wa penisilini. Amoksilini ni ya ukoo huo wa penisilini. Tuliandika sisi wenyewe, kwa mkono wetu, mwaka uliotangulia. Siku ilipohitajika hatukuweza kuifikia.

Mtoto alipewa dawa nyingine na akapona. Lakini jioni ile nilibaki na kijana wa mapokezi baada ya wenzetu kuondoka, nikamuuliza mtandao unakatika mara ngapi kwa siku. Hakujua. Nami sikujua. Daktari mmoja alikuwa akisema "kila saa", mwingine anasema "mara mojamoja". Tulikuwa tumekwishanunua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, halafu busta ya kuongeza mawimbi, halafu busta ya pili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na namba moja ya kuonyesha kwamba kitu fulani kimepona au kimezidi. Mchawi wetu alikuwa mmoja tu, kampuni inayotuuzia intaneti, na nakiri nimewahi kuwapigia simu kwa maneno makali.

Muuguzi hawezi kumhudumia mgonjwa asiye na cheti cha joto na mapigo. Kesho yake nilichukua daftari kubwa, nikalipigia mistari, nikaliweka mezani mapokezi. Kila atakayekatikiwa aandike saa, chumba, kifaa, alichokiona kwenye kioo, na kama wenzake wa vyumba vingine walikuwa wanaendelea na kazi wakati huo. Nikaongeza sharti moja ambalo watu walilipinga kwa siku mbili za mwanzo: ruta isizimwe kabla ya kuandika. Kuzima na kuwasha ni kama kumpa mgonjwa dawa ya kushusha homa kabla ya kumpima. Homa inashuka, maradhi yanabaki, na daktari anayekuja baadaye hana dalili ya kufuata. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuzima kule kulikuwa kunatufichia maradhi kila siku.

Baada ya wiki tatu tulikuwa na kurasa saba zilizojaa. Nilizisoma usiku nikiwa na kalamu za rangi, na ndipo nilipoona kwamba tulichokuwa tunakiita "mtandao kukatika" hayakuwa maradhi mamoja. Yalikuwa manne, kila moja na saa zake na chumba chake.

Lakini kabla ya kufika huko, kuna swali la kwanza ambalo namwomba kila mwenzangu alijibu kabla hajatoa hata senti: tatizo liko hewani ndani ya jengo, au liko kwenye laini inayotoka nje? Watu wengi hudhani Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Wi-Fi ni kipande kifupi tu, kutoka kwenye kifaa chako hadi kwenye ruta iliyoko ukutani. Kuanzia hapo hadi nje ni kazi ya mtoa huduma. Kuvitenganisha ni rahisi. Kijana wetu wa mapokezi aliunganisha kompyuta moja na ruta kwa waya, akatumia amri ya ping, ambayo hutuma ujumbe mdogo na kuhesabu muda unaopita hadi jibu lirudi. Kompyuta ya waya ilijibiwa na ruta ndani ya milisekunde 1 muda wote, asubuhi hadi jioni. Kompyuta mpakato ya chumba namba 2, iliyokuwa ikipitia hewani, ilijibiwa na ruta ileile kwa milisekunde 4, kisha 380, kisha 900, kisha kimya. Ruta ni ileile, dakika ni ileile. Kwa hiyo kwa chumba kile intaneti ya nje haikuhusika kabisa. Katika kurasa zote saba, matukio ambayo ruta ilijibu vizuri lakini nje hakujibu mtu yalikuwa manne tu. Hayo manne ndiyo yaliyokuwa halali ya mtoa huduma. Mengine yote tulimtupia lawama bure, na nyongeza ya kifurushi tuliyolipia miezi mingi haikugusa kidonda.

Sasa nirudi kwenye yale maradhi, nianze na lililonisumbua akili kuliko yote. Kila Jumanne na Alhamisi, siku zetu za kliniki ya watoto, kuanzia kama saa nne asubuhi, watu waliokuwa wameshaunganishwa waliendelea na kazi bila shida. Anayekuja kuwasha kifaa chake muda huo ndiye aliyekosa. Kishikwambi cha muuguzi wa chanjo kilionyesha mawimbi yamejaa kabisa, lakini hakuna kitu kinachofunguka. Kijana wa mapokezi ndiye aliyegundua. Aliangalia anwani ya IP ya kompyuta iliyogoma, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, akaona inaanza na 169.254. Alinieleza kwamba anwani hiyo kompyuta hujipa yenyewe inapoomba anwani kwa ruta ikakosa kupewa.

Wasomaji wasiozoea wafikirie hivi. Mapokezi tunagawa kadi za namba ili foleni iende kwa utaratibu. Tukiwa na kadi 50 na kila mgonjwa akaondoka na kadi yake mfukoni mpaka kesho, wa hamsini na moja atakosa kadi hata kama benchi liko tupu. Ruta yetu ilikuwa imewekwa igawe anwani kuanzia 100 hadi 149, yaani 50, na kila anwani ilikodishwa kwa saa 24. Nasi, kwa nia njema kabisa, tulikuwa tumebandika nywila ya Wi-Fi ukutani mapokezi ili kina mama wanaosubiri wapate kuitumia. Kila simu iliyoingia mlangoni ilichukua kadi na kuondoka nayo. Kufika saa nne, kadi zimekwisha. Daktari mwenye faili za wagonjwa anasimama foleni moja na simu ya mtu aliyekwishafika kwake. Ruta nyingi ndogo zikizimwa husahau zilizomgawia nani, ndiyo maana kuzima na kuwasha kulionekana kama dawa. Kadi zote zilirudi mezani, na baada ya saa mbili zikaisha tena.

Jambo hilohilo lilikuwa limezaa la pili, maabara. Printa inayochapa lebo za vichupa vya damu ilikuwa imepewa anwani ya kudumu, inayoishia na 120, na aliyeifunga hakuitoa anwani hiyo kwenye zile ambazo ruta inagawa. Siku ambayo ruta ilimpa mtu mwingine 120, printa na simu ya mgonjwa zikawa zinagombania jina moja. Lebo zinatoka nusu au hazitoki. Mwenzetu wa maabara akawa anaandika lebo kwa mkono, na kila mtu wa maabara anajua hatari ya mwandiko uliofanywa kwa haraka juu ya kichupa chenye damu ya mtu. Tulikuwa tumekwishaamua kwamba printa ni mbovu, na ombi la kununua mpya lilikuwa limeandikwa. Dawa yake ilikuwa ni kuhamisha anwani moja, kazi ya dakika tano.

La tatu ndilo lililomkuta mtoto yule wa sikio. Chumba namba 2 kilikuwa kinalalamikiwa saa zote na siku zote, bila kuchagua. Kijana alipakua kwenye simu programu ya kupima nguvu ya mawimbi, tukazunguka nayo jengo zima, mimi nikiandika kwenye ramani niliyoichora kwa mkono. Kipimo chake ni dBm, nacho huwa namba hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu, na mafundi wengi hupanga mtandao wa ofisi ili yasishuke chini ya -67. Mapokezi tulipata -45. Chumba namba 1, -58. Tulipovuka korido na kuingia chumba namba 2 ikashuka ghafla hadi -82. Kwenye kipimo hiki kila hatua ya 10 ni mara kumi, kwa hiyo kati ya mapokezi na chumba kile nguvu ilikuwa imepungua kama mara elfu tano. Nilisimama pale nikitazama ukuta, ndipo nikaelewa, nikaona uchungu kwamba sikuelewa siku ya kwanza. Katikati ya ruta na chumba namba 2 kuna chumba cha eksirei. Kuta zake zimewekewa risasi, ile metali, na mlango wake pia, ili mionzi isitoke. Risasi inayozuia mionzi ya eksirei huzuia mawimbi ya redio vilevile. Tulikuwa tunamtaka daktari asome faili kupitia ukuta uliojengwa makusudi usipitishe kitu.

Na busta? Ya kwanza tuliiweka ndani ya chumba namba 2, mahali penye shida, kama ambavyo mtu yeyote angefikiri. Lakini busta hurudia inachokisikia. Ukiiweka mahali ambapo mawimbi yamekwishakufa, itarudia minong'ono. Tena busta ya kawaida husikiliza na kurudia kwa chaneli moja, kila neno linasemwa mara mbili hewani, na kasi inayobaki ni kama nusu. Hewani huzungumza mmoja kwa wakati. Tulipoongeza ya pili, vyumba vilivyokuwa vizima navyo vikaanza kulegea, kwa sababu tuliongeza kelele tukidhani tunaongeza nguvu.

La nne nitalipitia haraka. Fundi alikuwa ameweka ruta kwenye chaneli ya 4 ya masafa ya 2.4 GHz kwa sababu aliona hakuna jirani anayeitumia. Katika masafa hayo chaneli zimepangana kwa hatua ya MHz 5, lakini mtandao mmoja unahitaji upana wa kama MHz 20. Anayekaa kwenye 4 anawagonga wa chaneli 1 na wa chaneli 6 kwa pamoja. Zisizogongana ni 1, 6 na 11. Majirani hatuwezi kuwazuia, maana masafa haya hutumika bila leseni tangu Marekani ilipofungua njia hiyo mwaka 1985, na jiko la maikrowevu nalo linachemsha papo hapo, karibu na 2.45 GHz. La kwetu lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa maabara. Tulilihamisha, basi.

Matibabu yalichukua Jumamosi mbili. Hapa nina msimamo ambao nimeusema mbele ya mwenye zahanati na nausema mbele ya wasomaji wako: kitu kisichohama kisiwekwe kwenye Wi-Fi. Kompyuta ya mapokezi haihami. Ya maabara haihami. Printa, mashine ya eksirei na kompyuta za mezani za madaktari hazihami. Vyote hivyo vilistahili waya tangu siku ya kwanza. Nilipoomba waya niliambiwa kwamba waya ni mambo ya zamani na kwamba zahanati ya kisasa haitakiwi kuonekana na nyaya. Jibu langu lilikuwa daftari. Waya mmoja unafika hadi mita 100 bila kudhoofika, hauulizi kama ukuta una risasi, hausumbuliwi na jirani, na kila kifaa unachokiondoa hewani unawaachia nafasi wale ambao hawana budi kubaki hewani, yaani vishikwambi vya wauguzi wanaozunguka. Tulilipa mara moja. Kile kifurushi kikubwa cha kila mwezi tumekirudisha kilivyokuwa, na hakuna aliyeona tofauti.

Busta zote mbili ziliondolewa. Badala yake tulivuta waya hadi mwisho wa korido, ng'ambo ya chumba cha eksirei, tukaweka kisambaza mawimbi kingine kinacholishwa na waya huo. Ya mapokezi iko chaneli 1, ya korido iko 11, jina la mtandao ni moja. Fundi wa safari hii alipunguza nguvu ya zote mbili, nami nikamuuliza kwa nini apunguze wakati sisi tunalia mawimbi hayatoshi. Alinionyesha kishikwambi cha muuguzi: kilikuwa kimeng'ang'ania ruta ya mapokezi hata kikiwa kimesimama chini ya ile ya korido, kwa sababu bado kiliisikia kwa mbali na hakikuona haja ya kuhama. Ilipopunguzwa, kikahama chenyewe. Chumba namba 2 sasa kinapima -54, na kompyuta ya daktari haitegemei hata hiyo kwa sababu ina waya wake.

Kina mama wanaosubiri hatukuwanyima. Wana mtandao wao wa wageni, wenye nywila yake, anwani zake zinazokodishwa kwa saa moja tu, na hauna njia ya kuvuka kwenda kwenye kompyuta zetu. Hili la kutenganisha naliombea mkazo kuliko yote yanayohusu usalama. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilipoikumba huduma ya afya ya Uingereza, ilipita kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao bila mtu kubofya kitu, na vituo 595 vya madaktari wa familia vilikuwa miongoni mwa vilivyoambukizwa. Watumishi wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Sisi tulikuwa tumewaweka wagonjwa wetu, na kila kilichomo ndani ya simu zao, katika chumba kimoja na mafaili ya ugonjwa wa kila mtu aliyewahi kuja kwetu. Nywila ilikuwa ukutani. Sikulala vizuri nilipolielewa hilo. Sasa mtandao wa kazi unatumia WPA2, njia ya kulinda Wi-Fi kwa nywila, kile kitufe cha WPS cha kuunganisha kwa kubonyeza kimezimwa, na mtumishi akiacha kazi nywila inabadilishwa siku hiyohiyo.

Umeme nao. Ruta ni mlaji mdogo sana, hivyo hata betri ndogo ya akiba huiwezesha kukaa muda mrefu. Tulikuwa nayo betri hiyo, na bado umeme ukikatika mtandao ulikufa. Ilikuwa hivi: ruta iko kwenye betri, lakini kile kiboksi cha mtoa huduma kinacholeta laini kutoka nje kilichomekwa kwenye soketi ya kawaida nyuma ya kabati. Naomba kila anayesoma barua hii na ana zahanati afuate nyaya kwa kidole, kuanzia pale laini inapoingilia jengo hadi kwenye kompyuta ya daktari, aone kama kila kiboksi njiani kina akiba.

Pamoja na yote hayo mtandao utakatika tena siku moja, kwa sababu chombo chochote hukatika. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, kijana wa mapokezi anachapa orodha ya walioandikishwa siku hiyo: jina, tarehe ya kuzaliwa, mizio, dawa anazotumia. Karatasi mbili tu. Moja inakaa kwenye droo ya daktari yenye kufuli, nyingine kwangu, na jioni zinachanwachanwa. Anayekuja bila miadi hamo kwenye orodha, na mtoto yule wa sikio asingekuwamo, kwa sababu alikuja ghafla. Kwa wa namna hiyo tuna sheria moja iliyobandikwa juu ya kila meza: faili likiwa halionekani, hakuna dawa inayoandikwa kabla ya kuuliza mzio kwa mtu anayemfahamu mgonjwa, na kama aliye naye hajui, apigiwe anayejua. Hapa simu ya mkononi ya zahanati inatumika bila kuomba ruhusa.

Nina maneno kwa makundi mawili. La kwanza ni mafundi. Ndugu zangu, mnafanya kazi nzuri, na wa kwetu wa safari hii nitamshukuru siku zote. Lakini msiondoke bila kuacha karatasi. Aliyetufungia mwanzo aliondoka na kila kitu kichwani: anwani ya printa, chaneli, nywila ya kuingilia kwenye ruta. Alipopata kazi kwingine tukabaki na kiboksi ambacho hakuna aliyeweza kukifungua, mpaka tukalazimika kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani na kuanza upya. Karatasi moja ingetosha, yenye ramani ya vyumba, kila waya unaanzia wapi na kuishia wapi, na ruta inagawa anwani zipi. Na mkija, mzunguke jengo kwanza na kipimo mkononi. Ulizeni chumba cha eksirei kiko wapi kabla ya kutoboa tundu la kwanza.

La pili ni watengenezaji wa programu za kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na kwao nina uchungu zaidi. Daktari anamsikiliza mgonjwa dakika ishirini, anaandika kila kitu, anabonyeza kuhifadhi, mtandao umeyumba kwa sekunde tano, na maandishi yote yanapotea. Analazimika kumuuliza mgonjwa upya habari ambazo huenda ilimchukua ujasiri mkubwa kuzisema mara ya kwanza. Nimemwona mama mmoja akigoma kurudia. Alinyamaza, akainuka, akaondoka, na hakurudi kwetu kwa miezi. Mtandao wetu ulikuwa na kosa, sawa, lakini programu iliyokusudiwa kutumika katika zahanati inapaswa kutunza kwenye kompyuta yenyewe kilichoandikwa mpaka ihakikishe kimefika. Nasikia jambo hilo linawezekana na lipo katika programu nyingi za kawaida za kuandikia barua. Kwa nini barua itunzwe kuliko historia ya mgonjwa?

Hatujamaliza. Mashine ya ECG, ya kupima mapigo ya umeme wa moyo, katika chumba cha matibabu inayajua masafa ya 2.4 GHz peke yake na haina tundu la waya, kwa hiyo haina budi kubaki hewani. Mwezi huu imeandikwa daftarini mara tatu, na mara mbili kati ya hizo toroli yake ilikuwa imesimama nyuma ya friji kubwa la chanjo, ambalo ni chuma kitupu kutoka juu hadi chini. Jumamosi hii toroli inapangiwa mahali pengine, na tutaendelea kuandika wiki mbili zaidi kabla ya kumwita fundi.

Naomba kuwasilisha.

Muuguzi mfawidhi,
Zahanati binafsi